Mlango wa baridi ziwani, na maji yaliyolala chini ya bahari

Papa yangu alivua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, kwa zaidi ya miaka 30, na si mbali na bandari ya Kituku, hapa Goma mashariki mwa Kongo, kuna mahali ambapo alituonyesha sisi watoto wake tu. Ni karibu na ufuko, kina chake hakizidi mita tatu. Alikuwa anasimamisha mtumbwi, anautuliza kwa kasia, kisha anasema: "Rukeni." Juu, maji ni yale ya Kivu tunayoyajua, vuguvugu hata jioni. Ukizama mpaka kidole cha mguu kiguse jiwe jeusi la volkano, baridi inakushika kifundoni. Inatoka kwenye ufa ulio mwembamba kuliko kiganja, na unaisikia inasukuma, kama pumzi ya mtu. Papa alipaita "mlango". Alituambia kwamba mvua ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, inapita chini ya nyumba za Goma na kutokea hapo.

Nilimwamini kama mtoto anavyomwamini baba yake. Nilipofika chuo ndipo nikajua kwamba alikuwa anatufundisha jambo kubwa. Tazama ramani ya mji wetu. Mvua hapa ni nyingi, kuanzia Septemba mpaka Mei hatukai wiki bila ngurumo, lakini kwenye uwanda wa lava unaoelekea Sake huoni mto. Mawe ya volkano yamejaa nyufa na mapango, na maji yanazama papo hapo yanapoangukia. Yanashuka gizani hadi ziwani na kuliingia kwa chini. Wataalamu waliopima joto na chumvi ya Kivu kutoka juu hadi chini wameziona alama za chemchemi hizo: zilizo juu ya kina cha mita 250 ni za baridi na zina chumvi kidogo, zilizo chini zaidi ni za moto na zina chumvi nyingi. Ni hizo zinazolipanga ziwa tabaka juu ya tabaka, zisichanganyike, na gesi yetu ya methani ikabaki imelala kule chini.

Nayaandika haya kwa sababu ya meli moja ambayo sijaiona, na bahari ambayo sitaifikia karibuni.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari hapa Goma. Mwezi Mei mwaka 2025 meli iitwayo Robert ilikwenda kusimama baharini mbele ya Cape Cod, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Nasema kusimama kwa sababu meli hiyo ina miguu mitatu mirefu. Inaishusha mpaka sakafu ya bahari, halafu inajiinua yenyewe juu ya mawimbi kama meza. Meli za namna hiyo kazi yake ya kila siku ni mafuta na mitambo ya upepo. Safari hii wenyewe waliobeba mashine ya kutoboa walikuwa wanatafuta maji ya kunywa. Msafara ulipewa namba 501, na wanasayansi wawili waliouongoza ni Brandon Dugan wa Colorado School of Mines na Rebecca Robinson wa chuo kikuu cha Rhode Island. Walitoboa karibu mita 400 chini ya sakafu ya bahari. Walirudi na kama lita 50,000 za maji waliyoyavuta kutoka kwenye mchanga wa kule chini.

Nilisoma habari hiyo nikiwa nimekaa juu ya bidoni tupu, kwenye foleni ya robine, bomba letu la maji.

Lazima niseme habari ya bidoni, maana asiyeishi hapa hawezi kunielewa bila hiyo. Bidoni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Kutoka ziwani kwenda kwetu ni mlima, na njia yenyewe ni mawe ya lava yenye meno. Wanaume wanapakia bidoni kumi au zaidi juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, na kusukuma. Wasichana na mama wanabeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yanatazama chini tu. Mimi nilianza kubeba nikiwa na miaka saba, bidoni ya lita tano. Mpaka leo nikipitisha kidole juu ya paji langu nasikia mstari wa kamba.

Mwezi Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilikata mabomba na kuharibu tangi kubwa upande wa kaskazini wa mji, na sehemu kubwa ya watu wakabaki bila maji. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika na maji yakakatika pamoja nao, kwa sababu maji yetu hupandishwa kutoka ziwani kwa pampu. Siku zile tulirudi wote ziwani, mwalimu na mwanafunzi, daktari na muuza makaa. Pale ufukweni kulikuwa na kijana mmoja amevaa gileti, ameshika bomba la sindano lisilo na sindano. Kila bidoni iliyotoka majini aliichoma klorini kidogo, anafunika, anaitikisa, anasema "subiri nusu saa, mama". Alifanya hivyo kutwa, mikono yake imebabuka na kuwa myeupe. Sikumuuliza jina. Namkumbuka kila ninapofundisha somo la klorini.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuna maji yaliyofichwa chini ya bahari, mimi sisikilizi kama anayesikiliza hadithi. Namsikiliza kwa shingo.

Maji hayo yalifikaje huko? Miaka kama 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali, na maji mengi yalikuwa yameganda kuwa barafu juu ya nchi. Bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa takribani mita 120. Mahali ambapo leo meli inapita palikuwa nchi kavu: kulikuwa na mito, nyasi, na mvua ilinyesha na kuzama mchangani kama inavyozama kwetu kwenye lava. Upande ule wa Marekani barafu yenyewe ilifika mpaka visiwa vya Nantucket na Martha's Vineyard, na uzito wake uliyasukuma maji ya kuyeyuka kwenda chini kabisa. Barafu ilipoisha, bahari ikapanda na kuifunika nchi ile. Lakini juu ya mchanga uliobeba maji kulikuwa na tabaka za udongo wa mfinyanzi, na mfinyanzi haupitishi maji kirahisi. Ukawa kifuniko. Maji ya chumvi yakabaki juu, maji baridi yakabaki chini.

(Kwa wenzangu wa Goma: maji baridi katika Kiswahili cha vitabu ni maji yasiyo na chumvi. Si yale ya friji.)

Watu wa zamani walijua kwamba jambo hili linawezekana. Jina la Bahrain lenyewe ni la Kiarabu, maana yake bahari mbili, na neno bahari tunalo sisi pia. Wazamiaji wa lulu wa huko walikuwa wanashuka baharini na viriba na kuvijaza maji matamu kwenye chemchemi zilizotokea sakafuni. Strabo, Mgiriki aliyeandika jiografia miaka 2,000 iliyopita, anaeleza kisiwa cha Aradus mbele ya pwani ya Siria. Wakati wa vita watu wake walipiga makasia mpaka juu ya chemchemi ya baharini, wakashusha faneli pana ya risasi iliyofungwa kwenye bomba la ngozi, na maji yakapanda. Mwanzo yalikuja ya chumvi, wakasubiri, halafu yakaja yale ya kunywa.

Hiyo ndiyo sehemu niliyoisoma mara tatu. Faneli na bomba. Nilimfikiria Papa na mlango wake.

Hizo za Bahrain na Aradus ni chemchemi, maji yanayojitokeza yenyewe. Yale yaliyofungiwa chini ya mfinyanzi yalichelewa kujulikana. Mwaka 1976 Wamarekani walikuwa wanatoboa sakafu ya bahari kwenye pwani yao ya mashariki, wanatafuta kujua madini na mafuta yaliyopo, wakakutana na maji yenye chumvi kidogo mahali ambapo hawakuyatarajia. Mwaka 2013 Vincent Post na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba jambo hili lipo kwenye pwani nyingi za dunia, wakakadiria kilomita za ujazo 500,000 za maji ya namna hiyo. Walisema ni mara mia ya maji yote ambayo binadamu ameyavuta kutoka ardhini tangu mwaka 1900.

Kilomita ya ujazo haina sura kichwani mwa mwanafunzi, kwa hiyo darasani natumia ziwa letu. Kivu ina kina cha mita 485 pale palipo kirefu zaidi, na yote kwa ujumla inabeba karibu kilomita za ujazo 550. Fanya hesabu: maji yaliyo chini ya bahari za dunia ni kama Kivu mia tisa. Nilipoandika hivyo ubaoni darasa lilinyamaza. Mmoja akasema polepole, "Mia tisa, mwalimu?" Wanafunzi wangu wameliona ziwa hili kila siku ya maisha yao na hawajaona mwisho wake.

Swali lililofuata lilikuwa zuri: wamejuaje, kama hawajatoboa kila mahali? Jibu lake tulilifanya kwa mikono. Nilileta beteri ya pikipiki, misumari miwili, nyaya, kizuizi kidogo ili balbu isiungue, na balbu ya LED niliyoichomoa kwenye tochi iliyokufa. Tukapanga glasi tatu mezani. Ya kwanza maji ya mvua kutoka kwenye mabati ya shule. Ya pili maji ya ziwa. Ya tatu maji ya ziwa tuliyotia chumvi ya jikoni tuliyoipima kwa mizani, ili ifikie gramu 35 kwa lita, kama bahari. Misumari ilipoingia kwenye mvua, balbu haikuwaka. Tulifunga madirisha, tukaziba kwa makoti, bado giza. Kwenye maji ya ziwa iliwaka, mwanga hafifu wa rangi ya chai. Kwenye ile ya chumvi iliangaza mpaka wa benchi ya nyuma wakapiga makofi.

Maji ya chumvi yanapitisha umeme, maji baridi yanauzuia. Mwaka 2015 meli ilipita mbele ya New Jersey na Martha's Vineyard ikiburuta vyombo vinavyotuma mawimbi ya umeme na sumaku chini ya sakafu ya bahari na kusikiliza yanavyorudi. Kerry Key wa chuo kikuu cha Columbia na wenzake walipochora walichosikia, wakaona mahali ambapo umeme ulikuwa unakataa kupita, na mahali hapo pakaendelea, hata kufika kilomita kama 90 kutoka pwani. Mwaka 2019 walitangaza kiasi kisichopungua kilomita za ujazo 2,800. Kivu tano. Msafara wa 501 ulikwenda huko huko, kutia mkono ndani ya glasi, tuseme, baada ya kuona balbu haiwaki.

Na hapa kuna jambo lililonigusa mimi mtu wa Goma. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita. Kwenye tundu la kwanza wale wa Robert walipata karibu gramu 4, na baadaye wakapata maji yenye gramu 1 tu, wakafurahi sana. Ziwa letu, juu pale tunapochota, lina karibu gramu 1 ya chumvi kwa lita. Ladha waliyoipata kule, chini ya Atlantiki, baada ya kutoboa siku nyingi, ni kama ladha ya chai yetu ya asubuhi. Tunaoishi kwenye kingo za Kivu tunayanywa maji ambayo wengine wanayafuata mita mia kadhaa chini ya sakafu ya bahari, na bado jioni tunahesabu bidoni.

Sisemi hivyo kuwadharau wanaotafuta. Wanafanya kazi ya lazima. Mwaka 2018 mji wa Cape Town ulifika mahali pa kumpimia kila mtu lita 50 kwa siku, huku bahari imeuzunguka. Watu wa pwani wanaongezeka, visima vyao vinachoka. Na kuyasafisha maji yenye gramu 4 za chumvi kunahitaji nishati kidogo kuliko kusafisha yale ya gramu 35. Nayaona matumaini hayo na ninayathamini. Ninachokikataa ni kuyaita maji hayo jibu kabla hatujajua umri wake.

Umri ndio shida yote ilipo, na aliyenifikisha hapo ni msichana mmoja wa mwaka wa tano ambaye kwa kawaida hafungui mdomo. Makofi yalipokwisha aliinua mkono: "Mwalimu, yanajazwa?"

Nilimjibu kwa likelemba, kwa sababu mama yake ni mshirika mwenzangu. Katika likelemba kila mmoja anatoa mwisho wa mwezi, kikapu kinazunguka, ukichukua leo wenzako wanaingiza kesho. Hiyo ni kama mlango wa Papa: mvua inanyesha kwenye milima ya Virunga, inaingia, inatoka, inaingia tena. Sasa fikiria sanduku ambalo babu aliliacha limefungwa, na hakuna mtu anayeliongezea kitu. Unaweza kula humo. Lakini kila unachotoa kimetoka. Kama maji ya chini ya Atlantiki yaliingia wakati wa barafu na kifuniko kikafungwa, hilo ni sanduku. Kama bado kuna njia chini kwa chini, mvua ya leo ya nchi kavu ikasafiri mpaka huko, ni likelemba, ingawa huenda ni la polepole sana. Watu wa Robert walikwenda kutafuta jibu la swali hilo hasa, na ndiyo maana walibeba maji mengi hivyo.

Jambo la pili ni kwamba hakuna maji ya ardhini yaliyo peke yake. Hilo nililiona kwa dada yangu mkubwa, Dar es Salaam. Anaishi Kigamboni, ameolewa huko miaka mingi. Alipochimba kisima uani maji yalikuwa matamu, akatuandikia kwa furaha. Nilipokwenda kumtembelea sabuni ilikuwa haitoi povu na chai ilikuwa na uchungu wa mbali. "Majirani wote wamechimba, mdogo wangu," aliniambia, "na kila mmoja ana pampu." Pwani, maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi ardhini, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni yake ni kali: kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukishusha kwa pampu mita moja tu, umeiruhusu chumvi ipande nyingi. Dada hakukosea kitu. Alichota kama wengine. Na katika wilaya hiyo hiyo, visima virefu vya Kimbiji vinashuka mamia ya mita na kupata maji yanayonyweka, bahari ikiwa karibu kabisa. Tabaka mbili, mahali pamoja, moja imeharibika na nyingine bado.

Basi mtu akitoboa baharini na kuvuta kwa nguvu, anaweza kuwa anavuta kutoka kisima cha mtu wa nchi kavu bila kumwona. Au anaiita chumvi ishuke kupitia kifuniko. Haya yapimwe kabla ya pampu, si baada.

Swali la mwenyewe ni nani sheria imelijibu nusu. Mkataba wa bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi ya pwani haki juu ya kilicho ndani ya sakafu ya bahari mpaka maili 200 za baharini. Kongo yetu, kubwa hivi, ina pwani ya kilomita kama 40 tu, kule Muanda, na sisi wa mashariki tuko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo. Sitegemei maji ya chini ya bahari yafike mtaa wa Majengo hapa Goma. Nategemea tujifunze kutoka kwao namna ya kuuliza. Nani kati yetu amewahi kupima maji yanayopita chini ya lava hii, yana njia gani, yanabeba nini? Vijiji vilivyo chini ya Nyiragongo watoto wana meno yenye madoa ya kahawia, kwa sababu ya floraidi ya volkano iliyo ndani ya maji. Kwa hiyo si kila maji yanayotoka kwenye jiwe ni baraka. Nayasema haya hasa kwa wazazi wanaochimba visima vya haraka kwenye parseli zao: pimisha kwanza.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa Papa. Nilikuwa nimenunua kule Birere, mtaa wa biashara, faneli kubwa ya plastiki, tiyo ya mita tano, na pampu ndogo ya mkono, vyote vipya. Nilimsomea habari ya watu wa Aradus. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya goti, kisha akaita mdogo wangu alete mtumbwi. Papa ana miaka 74 na alikuwa na miezi mingi hajaingia ziwani. Alikaa mbele. Hakutumia alama yoyote ya ufukweni ambayo mimi ningeiona. Alitazama mlima, akatazama ziwa, akasema "hapa".

Mdogo wangu alizama akiwa na faneli iliyofungiwa jiwe la lava. Mara ya kwanza aliiweka vibaya, nikapampu, yakaja maji ya vuguvugu, ziwa tupu. Papa akamwambia asogee kushoto, kidogo tu, aisikilize kwa shavu na si kwa mkono. Akazama tena. Nilipampu, nikamwaga, nikapampu, nikamwaga. Kama walivyosubiri wale. Halafu tiyo ikawa baridi kwenye kiganja changu, na nje yake yakaota matone kama jasho.

Tulijaza chupa tatu. Nyumbani niliwasha balbu mbele yake, taa za ndani zimezimwa. Kwenye maji ya ziwa, ile rangi ya chai. Kwenye maji ya mlango balbu ilikuwa kama kaa la mwisho la jiko, ukilitazama moja kwa moja linapotea, ukilitazama pembeni lipo. Ilikuwa hafifu zaidi. Si jaribio la kuandikwa kwenye jarida, najua ziwa liliingia humo pia. Lakini Papa aliinama karibu na glasi na hakusema kitu kwa muda mrefu.

Kisha aliuliza: "Na hawa wa Marekani, watajuaje maji yao yana miaka mingapi? Maji hayana meno."

Nikamweleza kwamba mchanga waliotoboa ulipelekwa Bremen, Ujerumani, kuchunguzwa. Kwamba ndani ya maji kuna vitu vinavyofanya kazi ya saa. Kaboni-14 hupungua kwa mwendo unaojulikana, nusu yake huisha kwa miaka kama 5,730. Maji yaliyoonja mvua baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yana alama ya tritiamu, ya zamani hayana. Heliamu hujikusanya polepole kutoka kwenye mawe, hivyo maji yaliyokaa sana yana nyingi zaidi.

"Basi na yetu yapimwe," alisema.

"Sina mashine hizo, Papa."

"Leo huna. Andika tarehe, mama."

Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika kwenye kila chupa: mlango, kina mita tatu, tarehe, saa kumi na nusu ya jioni. Chupa moja iko kwake, juu ya kabati, kando ya taa aliyokuwa anavulia sambaza. Mbili ziko kwenye stoo ya maabara ya shule. Nimewakataza wanafunzi wasizifungue.